Mivengi Niliyoichomea Matofali

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, enzi za Mwingereza, nilivyosimama mbele ya tanuri langu la matofali pale Lyamkena nikijiona malkia. Mume wangu alikuwa Tanga akikata mkonge. Nilitaka akirudi akute matofali yameshaiva, tujenge.

Tanuri linakula kuni, huwezi kuamini. Kuni kavu za kuokota, tulizozoea sisi wanawake, zilikuwa mbali, nami nilikuwa na haraka. Nikachukua shoka nikaiangusha mivengi iliyozunguka chemchemi, miti ile inayopenda maji. Niliimaliza yote, sikuacha hata mmoja wa kunitetea.

Matofali yaliiva vizuri, sikatai. Lakini kiangazi kilichofuata chemchemi ilikuwa ikidondoka tu. Vinyungu, yaani mashamba yetu ya bondeni tunayolima mvua zikikatika, vikakauka. Mahindi ya mama mkwe yalinyauka kabla ya kutoa mbelewele.

Majirani wakaenda kwa jumbe, wakataka nirudishwe kwetu Mlangali. Tukaitwa barazani, mwanangu. Ndipo mama mkwe akasimama, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Tumekosea," alisema. "Kuni zile zimewaka nyumbani kwangu. Kinyungu changu ndicho cha kwanza kando ya maji. Nakitoa, tupande miti humo."

Hakukuwa na kinyungu kizuri kama kile bonde zima, na alikilima tangu alipoolewa.

Njiani nililia. "Mama, toa changu, chako kiache."

"Chako kiko mbali na chemchemi, wewe, ndicho kitakachotulisha. Futa kamasi. Kesho tunafuata miche."

Hakunisema tena, si siku ile, si baadaye. Aliniita mkwe mwenye shoka, basi, na alicheka akiniita hivyo. Tulipanda, tukamwagilia kwa maji ya kubeba kichwani kutoka mtoni. Mume wangu aliporudi alipewa jembe kabla ya kupewa chakula. Ilichukua miaka, lakini maji yalirudi, na mimi nilimpenda yule mama kuliko nilivyoweza kumwambia.

Sasa nasikia nawe unataka kuchoma mkaa. Sikukatazi. Baridi ya huku kwetu haina utani, na bila moto hakuna chakula. Ila kabla hujainua shoka, teremka bondeni uone ni nani anakunywa maji ya chini ya mti ule. Panda miti yako ya kuni mbali na chemchemi, ukate hiyo. Na ukikosea, maana utakosea, usitafute wa kumsingizia. Sema "tumekosea" mbele za watu, kisha toa kilicho bora ulichonacho.

Mungu akujalie jiko lisilopoa na bonde lisilokauka. Na siku utakayoharibu, akusimamishie mtu kama mama mkwe wangu.