Siri Iliyoachwa Wazi

Ofisini kwetu Ndosho, mjini Goma, tunatunza habari za watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia vita. Picha, kovu, jina la kijiji, wimbo ambao mtoto anaukumbuka: vyote vimo katika kompyuta moja. Asubuhi moja diski yake ilianza kukwaruza, nikajua haina maisha marefu.

Sikuogopa. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kunakili habari zote kila siku kwenye diski nyingine. Nikaifungua ile ya pili. Tupu! Tangu tulipobadilisha kompyuta, programu ilikuwa ikikataliwa nenosiri, na haikuwa na mtu wa kumlilia.

Nikaandika nenosiri kwa mkono wangu, mlango wa ile diski ya pili ukafunguka. Nikaituma programu; ikakataliwa. Neno lile lile, ambalo programu hulisoma katika faili yake! Nikaitukana kompyuta kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kifaransa. Mkurugenzi wetu, mama wa Butembo asiyependa kelele, akaja kusimama nyuma yangu.

"Iko nasema nini?"

"Inakatala, mama."

"Sasa matusi itasaidia nini? Soma kile inaandika."

Hasira hasara. Nikasoma ujumbe wote, hata mstari wa onyo niliokuwa nauruka: faili yenye nenosiri inaweza kusomwa na kila mtu, kwa hiyo imepuuzwa.

Risasi zilipokaribia mji, tulikubaliana kuacha kila kitu wazi, ili atakayebaki aendelee na kazi. Ndivyo tunavyoishi Goma. Ufunguo wa nyumba yangu anao jirani. Kompyuta ya awali haikujali. Lakini chombo hiki kisicho na macho kilikuwa kimekataa siri inayojulikana na wote. Nami nikawaza: angetosha mtu mmoja kuingia kwa nenosiri hilo, asome kovu la mtoto liko wapi, kisha aje kudai mtoto asiye wake.

Nikaifunga faili isomwe na akaunti moja tu, ile inayoendesha programu. Nikaituma tena. Watoto wakaanza kuvuka, mmoja baada ya mwingine, kutoka diski inayokufa kwenda nyingine. Nilisimama. Sijui kwa nini, lakini sikuweza kuwatazama nikiwa nimekaa. Kesho yake diski ya zamani ilinyamaza kabisa.

Juma lile alifika mama mmoja kutoka Kibati. Kabla ya kumwonyesha chochote tulimwuliza maswali, naye akataja kovu la moto chini ya goti, kisha akauimba wimbo kwa sauti ndogo. Nikafungua nakala. Picha ya mwanawe, anayelelewa na familia moja ya Katindo, ikajaa kwenye kioo. Akaweka kiganja juu yake.

"Ni yeye. Ni mutoto yangu." Halafu akageuka kuutazama mlango wa ofisi. "Batu bengine banaonaka hii picha?"

"Ni mimi na directrice tu, mama," nikamjibu, nikimtaja mkurugenzi wetu.

"Basi funga," akasema. "Mupaka nimushike."