Kinu Nilichokikataa

Asubuhi mikono yangu huchelewa kuamka. Mimi nimeshaamka, jua limeshaingia kwenye nyufa za mlango, lakini vidole bado vimekaza, na lazima niviloweke kwenye maji ya moto kabla ya kufunga kitenge. Naishi peke yangu hapa Kasongo, si mbali na soko, kwa hiyo hakuna anayeniona nikikivuta kwa meno. Heri hivyo. Mimi ni mtu wa hasira na sipendi kuhurumiwa.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa huu huu, na mama yake pia. Viungo vya vidole vilivimba kulia na kushoto, kisha vikapinda kidogo kidogo. Kijijini kwetu, upande wa Kabambare, nyumbani kwetu kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kilirithiwa na binti wa kwanza. Kinu cha mama kilitoka kwa bibi. Basi watu wa nyumbani wakajumlisha wenyewe: ugonjwa unasafiri na mchi. Haikuwa hesabu ya kijinga. Kinu kilikokwenda, mikono ile ilifuata. Nani angefikiria kitu kilichojificha ndani ya damu, wakati mchi ulikuwa pale na kila mtu anauona?

Binti wa kwanza ndimi. Nilikikataa kinu mbele ya shangazi zangu wote, na sikuishia hapo. Wanawake wa kwetu hula bukari, yaani ugali, pamoja, mikono minne mitano kwenye sahani moja. Mimi nikamtengea mama sahani yake kando. Alisogeza kigoda karibu na ukuta, akatupa mgongo ili tusione anavyohangaika na tonge. Nakumbuka mgongo wake kuliko uso wake, na hilo linaniuma kupita vidole.

Mdogo wangu alikichukua kinu bila maneno. Mimi nikamfuata mwanaume mmoja Salamabila, kwenye dhahabu. Mwanaume hakudumu, aliniachia binti mmoja. Nikatafuta kazi, na kazi niliyoipata, mimi niliyekimbia kinu, ilikuwa ni kutwanga. Wachimbaji walileta mawe kutoka shimoni, na sisi wanawake tuliyaponda kwenye vinu vya chuma mpaka yakawa unga wa kuoshwa. Vumbi lilitupaka weupe kama watu waliomwagiwa unga wa muhogo. Tulilivuta puani, tulilimeza, kisha tukikaa kupumzika tukavuta na sigara, maana sigara hudanganya njaa. Nilifanya hivyo miaka mingi, nikijisifu kwamba nimeponyoka.

Kila tulipokwenda kijijini kumsalimia mama, nilimwonya binti yangu njiani: kinu usiguse, sahani ya bibi usile. Alikuwa mtoto mtiifu. Mama alifariki nikiwa kwenye mawe, nikafika kaburi limeshafunikwa.

Ugonjwa ulinikuta pale pale Salamabila. Nilivumilia hadi mchi ukaniponyoka mbele za watu, ndipo nikaja Kasongo kutafuta matibabu. Daktari aliyenipokea alikuwa kijana mpole. Alivibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja, akatuma damu yangu ipimwe, akaniuliza kazi, akaniuliza tumbaku, akaniuliza mama.

"Mama, kwa familia yenu kuko kitu mu damu, munaachiana muzazi kwa mutoto," alisema. "Lakini hiyo peke yake haitoshe. Wengi wako nayo na wanazeeka muzuri. Sasa mutu akiongeza moshi ya tumbaku na vumbi ya mawe, mwili unaweza kuanza kupigana na viungo vyake wenyewe."

"Na mama yangu? Yeye hakutwanga hata jiwe moja."

"Ya mama yako siwezi kujua. Kuko mambo mingi hatujayajua bado. Lakini ya kwako, miaka yote ile mu vumbi na sigara, naona ilisaidia sana kuleta ugonjwa."

Nikamuuliza kama ugonjwa huu unaambukiza.

"Hapana, hata kidogo. Ungekula naye sahani moja mpaka siku ya mwisho, haingekufanya kitu."

Nilimchukia yule kijana kwa maneno hayo. Nilitoka bila kuaga, nikakaa kwenye jiwe nje ya ukuta wa hospitali, nikalia kama mtoto. Nimeruka mkojo, nikakanyaga mavi. Mdogo wangu anatwanga sombe kwenye kinu kile kile hadi leo, na vidole vyake havina hata uvimbe.

Machozi yalikatika nilipomkumbuka binti yangu. Alikuwa Salamabila, ameshika kazi yangu, kwenye vumbi langu, na damu ni ile ile. Nikapanda pikipiki. Kwa kuwa vidole havikushika, nilimkumbatia dereva kwa viwiko njia nzima, naye akanitania kwamba nimempenda. Nikamwambia aangalie barabara.

Nilimkuta binti yangu kwenye kinu, mweupe kuanzia nyusi hadi miguu. Alisimama, lakini hakunikaribia.

"Acha hii kazi, mwanangu," nilimwambia. "Damu yangu iko kwako. Hii vumbi inaweza kuiamusha."

"Si ulisema ni kinu ya mama yako?"

"Nilikosea."

"Kweli ulikosea. Kinu hukuigusa, na tazama mikono yako. Mi naona ni sahani. Ulikula naye zamani, mbele ya kumukimbia. Na mi nimekula na weye."

Nilimwita "kichwa ya jiwe". Kisha hasira ikaniishia, nikamweleza yote: daktari alivyosema, na nilivyomtenda mama yangu bure. Alisikiliza akiangalia chini.

"Ya vumbi nakubali," akasema mwishowe, "sababu kila siku nakohoa. Hii ingine ya sahani, Mama, siione."

Sikuweza kumlaumu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea vizuri mno. Aliacha mawe mwezi ule ule, akaacha na sigara, akaenda Wamaza kuuza chumvi na sabuni. Sijui kama imetosha, daktari hakuniahidi. Lakini nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu chumbani.

Huja Kasongo kuchukua bidhaa, na hapo hunipitia. Juzi alikuja na samaki, akanipikia, akanitengea chakula changu mezani kwa heshima zote. Chake alikipeleka barazani. Nilimwambia tena kwamba ugonjwa hauambukizi.

"Nimesikia, Mama," alijibu, akala akiwa amenipa mgongo.

Nami sikumwita ndani. Alipomaliza alisimama mlangoni kuaga, mikono ameizungushia kitenge ili nisimpe mkono. Lakini kabla hajaificha nilikuwa nimeitazama. Vidole vyake vyote kumi vimenyooka.