Swali Lisilopanda

Nilipokuwa na miaka sita, homa ya uti wa mgongo iliniachia uhai ikachukua masikio. Maneno sikuyapoteza. Kilichopotea, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, ni wimbo wake: ile sauti inayopanda mwisho wa swali. Sikujisikia, ningejuaje? Sokoni Uvira niliuliza, "Ndagala iko?" Muuza samaki akasikia, "Ndagala iko," akanijibu, "Iko wapi? Weye ndiye unauza leo?" Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Nilikasirika, jamani! Vicheko havihitaji masikio.

Dada yangu akanipa dawa yake: kila nikiuliza, nichore alama ya kuuliza hewani kwa kidole.

Nikiwa darasa la sita, shuleni kwetu Kasenga, mwalimu aliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Nilidhani labda mimi ndiye nimesahau. Mkono mmoja ulishika kalamu, mwingine kaye, daftari langu la hesabu, kwa hiyo sikuchora kitu. Nikasema, "Mwalimu, umekosea?"

Darasa zima likasikia: Mwalimu, umekosea.

"Toka!" Hiyo niliisoma vizuri sana midomoni mwake.

Kesho yake nilisimama ofisini kwa direkta, mkuu wa shule, mama pembeni yangu, mwalimu mbele yetu. Direkta alitaka nimwombe mwalimu radhi, la sivyo nisirudi tena shuleni, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa umekaribia.

"Mtoto huyu hana kiburi," mama alisema. "Minye niko naye kila siku. Hasikii sauti yake, basi."

"Sauti yake iko ya dharau," mwalimu akajibu.

Dharau! Mimi niliyekesha na vitabu vya wenzangu kwa sababu maelezo ya darasani yananipita! Nikafungua kaye pale nilipoinakili hesabu ya ubaoni, nikaiweka mezani mbele ya mwalimu. Nikauliza tena, na kidole kikachora alama hewani: "Mwalimu, umekosea?"

Akaangalia hesabu. Direkta naye akainama akaangalia. Mwishowe direkta akanionyesha mlango: rudi darasani, yaishe.

Kwake yaliisha. Mimi nilikuwa bado nasubiri jibu langu. Nikaweka mikono yote miwili nyuma, kidole kisionekane.

"Mwalimu," nikasema, kwa sauti ileile, "umekosea."