Sentensi za Pumzi Moja

Chuoni alikofundisha walimu watarajiwa, wenzake walimwita Mzee wa Tanbihi, maana hakuandika ukurasa bila kuutundikia maelezo chini yake. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi. Mdomoni maneno yalimgomea, lakini kwenye karatasi yalimtii, naye akayaandika marefu na magumu kama mtu anayelipiza kisasi.

Kwa miaka mingi alitafiti wanafunzi wenye kigugumizi. Kazi ilipokamilika, chuo kikamtaka aisome mwenyewe mbele ya walimu wa shule za msingi. Akaenda kufanya mazoezi sebuleni kwa dada yake, ambaye alikuwa akipiga pasi nguo za wajukuu.

"Uba... ubai... ubainishaji wa mielekeo ya kimawasiliano baina ya watafitiwa..." Akakwama. Akarudia, akakwama palepale.

"Mdogo wangu," dada akaiweka pasi kando, "hapo hata mimi ningeng'oka meno. Watafitiwa ndio akina nani?"

"Wa-watoto."

"Sasa si useme watoto?"

Akacheka, ingawa ilimchoma. Dada hakuishia hapo. "Na wewe uko wapi humu?"

"Utafiti hauna mimi, dada."

"Haya. Na yule aliyekuwa akisingizia tumbo kila siku ya kusoma kwa sauti, mama akamnywesha dawa za bure, alikuwa mimi?"

Alifungua ukurasa alimokuwa ameandika kwamba watafitiwa "hukwepa ushiriki". Hukwepa! Alijua fika jinsi mtoto anavyohesabu viti kuona zamu yake i karibu kiasi gani. Lakini kwenye maswali yake yote hakuwahi kumuuliza hata mtoto mmoja anajisikiaje akisubiri. Siku zote alidhani kujificha kwake ni uadilifu wa kisomi. Kumbe ilikuwa aibu iliyovaa suti.

Akarudi kwenye shule alizotafiti, akawauliza watoto. Kisha akaandika upya, akisoma kwa sauti, na kila sentensi iliyomkata pumzi akaikata nayo.

Mkuu wa idara aliipitia, akakunja uso. "Daktari, hii ni taaluma au barua ya nyumbani?"

"Ta-takwimu zote zimo, Mkuu. Nimepunguza kelele tu."

Ukumbini alikwama kwenye neno la kwanza kabisa: mimi. Akangoja. Watu nao wakangoja. Likatoka. Alipomaliza, mwalimu mmoja wa kike alisimama. "Mwalimu, mimi nina mwanafunzi huwa nammalizia maneno. Nilidhani namsaidia."

"Hata mi-mimi niliwamalizia watoto maneno yao," akasema, "kwa kalamu."

Jarida alilolipelekea makala lilimwomba aondoe habari za utoto wake. Alifupisha, hakuondoa. Makala ilichelewa, ikatoka. Mkuu wa idara huwapa wanafunzi waisome, huku akinung'unika kwamba tanbihi ni chache mno.