Khanga Juu ya Televisheni

Umeme ukikatika hapa Masasi na jirani akawasha jenereta, moshi wa petroli hunirudisha Newala, kwenye banda la video lililojaa jasho, mabenchi ya mbao na televisheni moja ndogo.

Siku hiyo filamu ilikuwa ya vita, na tuliitazama vita yenyewe kwa macho ya askari wa Kijerumani. Mwenye banda alitutafsiria kwa sauti. Watu walicheka kila Mjerumani alipoanguka. "Wafe tu," mzee mmoja alisema. "Walimchapa babu yangu viboko."

Mama hakucheka. Kaka yangu alikuwa mwanajeshi. Alifia vitani, nchi ya watu, na matanga yake tulikaa bila maiti.

Kisha askari mmoja kijana, ndevu bado hazijamwota, akaanguka kwenye tope akimwita mama yake. Akabaki pale macho wazi, mvua ikimnyeshea usoni. Mama akainuka, akavua khanga ya mabegani, akaifunika televisheni.

"Mama, hiyo ni filamu tu," mwenye banda alisema kwa upole.

"Najua, mwanangu. Lakini mtoto wa mtu haachwi wazi hivyo, na mama yake yuko mbali."

Mizinga iliendelea kulia chini ya khanga. Hakuna aliyeinuka kuiondoa, hata yule mzee.

Asubuhi mwenye banda alipiga hodi nyumbani, khanga mkononi, imekunjwa vizuri. Mama aliitazama, kisha akaendelea kufagia.

"Sanda hairudishwi," alisema.