Utepe Juu ya Mpunga

Juzi napita zangu Makanyagio, nikasikia gitaa lile likilia kwenye spika ya fundi simu. Hasira ikanipanda palepale. Fundi akadhani nimependa. "Dada, hii ni albamu ya rock ya miaka ya sabini. Nikuwekee yote kwenye simu?" Nikamwambia weka yote.

Ngoja niwaeleze. Miaka ya tisini, kwetu Kasokola, kaseti ya albamu hiyo ndiyo ilikuwa mali pekee ya mama. Mjomba, aliyefanya kazi kwenye treni, alimletea kutoka Tabora. Kwenye kava kulikuwa na wazungu wanne wenye nywele hadi mabegani. Sisi watoto tulibishana yupi mwanamume. Mama Kiingereza hakujua hata salamu. Lakini baba akishatoka tu, alitoa betri tulizoanika juani, akafungulia redio, akatwanga mahindi kwa kufuata ngoma za wale wazungu, huku akiimba maneno yake mwenyewe ya Kinyamwezi. Mngemwona! Jasho linamtoka, mchi unaruka, anacheka peke yake.

Siku moja baba aliwahi kurudi. Alisimama mlangoni akimtazama mpaka wimbo ukaisha. Hakugomba. Kesho yake alichukua ile kaseti, akauvuta utepe wote nje, akaenda kuufunga kwenye miti, huku na huku, juu ya shamba letu la mpunga.

"Ndege wanasumbua," alisema. "Acha na wao wacheze."

Majirani walicheka, wakamsifu. Upepo ukipiga, utepe ulivuma vuuu, na mimi shuleni nikajigamba kwamba baba'angu ana akili. Mama alipalilia chini ya utepe ule, kainama. Nilimuuliza kama haimuumi. "Chakula kwanza, mwanangu," akasema. Tangu siku hiyo alitwanga kama watu wengine wanavyotwanga.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nina shamba langu la mpunga, nimeinama napalilia. Jamani! Mpunga ule ulikuwa haujafika hata magotini. Haukuwa na suke hata moja. Ndege wangekula nini, majani? Baba alilima tangu utoto wake, alijua. Mama alijua. Na wale majirani waliokuwa wanacheka, walijua wanamcheka nani. Asiyejua nilikuwa mimi, na majigambo yangu.

Basi jioni ile ya juzi nikaenda kwa mama, nikaweka simu juu ya kinu. Gitaa lilipoanza tu akalitambua. Mguu wake ukaanza kupiga chini, taratibu, halafu kwa nguvu. Mara akashtuka, akachungulia mlangoni.

"Zima, baba'ako atasikia."

Baba tulishamzika zamani. Kaburi lake liko hapo nyuma ya jiko. Sikuzima. Niliongeza sauti mpaka mwisho.