Sukari Iliyorudi Kutoka Kakuma

Mwongozo wa utafiti wetu ulikuwa mnene kama Biblia ya mfukoni, na niliusoma mara tatu kabla ya kuanza kazi, lakini ukurasa niliouhifadhi kichwani ni ule wa kilio. Mhojiwa akilia, ulisema, zima kinasa sauti, mpe nafasi, kisha muulize kama anataka kuendelea. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne tu kabla. Nilisomea saikolojia, na tasnifu yangu ilihusu namna watu wanavyodhibiti hisia. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kupiga simu ofisi yoyote bila kwanza kuandika kwenye karatasi nitakachosema.

Tulikuwa tunawahoji watu waliofiwa, baadhi wenyeji wa mji wa Lodwar, baadhi wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Tulitaka kujua huzuni inakaaje ndani ya mtu baada ya mwaka mmoja au miwili: anaizungumza, anaimeza, au anajishughulisha ili asiisikie. Nilivutiwa na swali hilo kuliko nilivyokiri mbele ya wenzangu. Nyumbani kwetu Lodwar, mtoto akilia, mama yangu humwambia anyamaze, jua limeshatuchukulia maji ya kutosha. Nikakua nikidhani machozi ni ya kubania. Chuoni nikafundishwa kwamba kuyazuia kuna madhara yake, na wiki iliyofuata nikafundishwa kwamba si kila anayelia hupata nafuu. Nilitaka kujionea mwenyewe.

Mhojiwa wangu wa nne alikuwa mama kutoka Sudan Kusini anayeuza chai kambini Kakuma. Haya nayaandika kwa ruhusa yake. Sharti lake lilikuwa moja, nisimwambie mtu kwamba chai yake ni nyepesi. Si nyepesi. Alikuwa amefiwa na dada yake mkubwa, ambaye alikuja naye na kuuza naye chai kwenye kibanda kimoja kwa miaka mingi. Tulikaa nyuma ya kibanda hicho, kwenye kivuli cha mti wa mathenge, saa ile ya mchana wateja wanapopungua. Alijibu maswali kumi bila shida, akinicheka kwa jinsi nilivyobana kalamu. Swali la kumi na moja lilihusu siku yenyewe ya msiba.

"Asubuhi hiyo chai ilishachemka," akasema. "Mimi nikamwita. Nikasema, dada, chai..."

Akaanza kulia. Hakutoa sauti, mabega tu yalitikisika, na mkono wake ukabaki hewani kama aliyeshika kikombe.

Nikazima kinasa sauti. Hadi hapo nilifuata mwongozo. Kisha hofu ikanishika. Nikasema pole, nikasema inatosha, mama, tusiendelee. Nikampa kadi ya mshauri nasaha na ile kilo ya sukari tuliyompa kila mhojiwa kwa kutupa muda wake, nikaenda garini kwa mwendo ambao ungeweza kuitwa kukimbia. Tulipotoka Kakuma nilikuwa najipongeza kwa kumlinda. Tulipokaribia Lodwar nilikuwa nimeshaanza kujiuliza nilimlinda nani.

Wiki mbili baadaye dereva wetu, Mturkana mpole asiyeharakishwa na kitu, aliingia ofisini.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, akaweka pakiti ya sukari mezani. "Mama wa chai amekurudishia."

"Alisema nini?"

"Alisema nikupe."

"Alisema kwa sauti gani?"

"Ya mtu anayetoa sukari."

Niliitazama pakiti ile asubuhi nzima. Haikuwa imefunguliwa. Labda amekasirika. Labda amejitoa kwenye utafiti, na hii ndiyo njia yake ya kuiondoa sahihi yake kwenye fomu ya ridhaa. Labda sukari ina unyevu. Niliandika uwezekano saba kwenye daftari, na wa saba ndio ulioninyima raha: kwamba nimemharibia kitu ambacho siwezi kukirudisha. Nikampelekea mtafiti mkuu daftari lile. Ni mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na halisomi daftari la mtu mpaka amemsikia.

"Alipolia, ulimuuliza kama anataka kuendelea?"

"Nilimwambia pole."

"Sijauliza ulimwambia nini."

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Kulia kwake hakukuwa hatari," akasema. "Wewe ndiye uliyeshindwa kukaa nako. Hutokea. Gari linakwenda Kakuma kesho. Kamuulize."

Njia nzima nilikuwa na pakiti mapajani. Dereva aliniuliza kama naogopa itachoka ikikaa chini.

Nilimkuta akimimina chai, wateja watatu wakiwa kwenye benchi. Aliniona, akaendelea kumimina. Mteja mmoja kijana akaniangalia, akaangalia sukari.

"Ndiyo huyu daktari wa machozi?"

"Huyu hapana daktari," mama akasema. "Huyu ni mwanariadha."

Wakacheka, na mimi pia, kwa kuchelewa. Nilisubiri hadi benchi likabaki tupu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nikayasahau yote, nikamuuliza tu kwa nini aliirudisha.

"Hii munapatia mtu amemaliza kazi. Mimi sikumaliza." Akakaa karibu nami kwenye benchi. "Wewe binti yangu uliniacha pale nikiwa namwita. Tangu siku hiyo kila asubuhi chai ikichemka, mimi niko pale pale. Namwita. Siendi mbele, sirudi nyuma."

"Ungependa kuendelea?" Ndilo swali lile la mwongozo, limechelewa wiki mbili.

"Washa hiyo kitu yako."

Nikawasha kinasa sauti. Akaanzia neno lile lile.

"Nikasema, dada, chai. Hakuitika. Nikasema amelala, muache, jana alichoka. Kikombe yake nishamimina. Mtu wa bodaboda akaja, ana haraka. Mimi nikampatia ile. Nikauza chai ya dada yangu. Yule mtu akasema, mama, leo tamu. Mimi nikafurahi. Halafu ndiyo nikaenda kumuamsha."

Akalia, safari hii kwa sauti. Mwanamke aliyepita na mtungi kichwani akapunguza mwendo, akatuangalia, akaendelea. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe mara mbili, nikaukalia. Mimi niliyetaka kujua kilio huchukua muda gani na huacha nini sikukumbuka hata kutazama saa. Nilichoona ni kwamba kilipanda, kikashuka, kikapanda tena kidogo, kisha akapenga kamasi kwenye upindo wa leso na kuangalia kama jiko bado lina moto.

"Hiyo ya kikombe sikuambia mtu," akasema. "Hata kanisani. Sasa uliza ile ingine."

Swali la kumi na mbili lilikuwa hili: ni mara ngapi unajilaumu kwa jambo ulilofanya au ambalo hukulifanya? Kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Nilimsomea polepole. Akatikisa birika kusikia kilichobaki.

"Mpaka leo, kila siku," akasema. "Andika hiyo. Ya kesho bado sijui."

Nikaandika. Tulimaliza yaliyobaki, hadi la ishirini, wateja wakija na kwenda katikati yake. Nilipofunga dodoso akanyoosha mkono, akachukua pakiti kutoka mapajani mwangu, akaipasua kwa meno.